Hatua 70 Bila Kulowa: Kisa cha Safu Moja ya Maduka Moshi Mjini

Kabla ya 2021 ungeweza kutoka kona ya juu ya mtaa huu mpaka kona ya chini, hatua zangu 70, mvua ya Aprili ikimwagika, na usilowe hata bega. Majengo matano yamebanana ukuta kwa ukuta, duka mbele na nyumba nyuma, na kila moja limeandikwa mwaka wake juu ya paji la uso: 1934, 1936, mawili ya 1938, na la mwisho ambalo tarakimu ya nne imebanduka ikabaki 195. Mbele ya yote kilipita kibaraza kimoja cha bati juu ya nguzo 22. Nasema kimoja kwa sababu ndivyo mpita njia alivyokiona. Kwenye karatasi vilikuwa vitano, vya wenyewe watano, na hakuna palipoandikwa kwamba jirani lazima ashike kimo cha jirani. Mafundi wa zamani walishika tu.

Leo hatua hizo 70 zimekatika: 26 za kivuli, 14 za jua au matope kutegemea majira, kisha 30 za kivuli tena. Kisa hiki kinaeleza pengo hilo lilivyopatikana, na kwa nini halikuwa kubwa zaidi. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Niliitwa kupiga hesabu ya jengo moja, nikajikuta nimekaa kwenye vikao vya ukoo usio wangu, wote wakiniita Injinia ingawa si injinia. Majina ya watu, mtaa na namba za viwanja nimeviacha kwa makusudi.

Mji ulioshuka mlimani

Mgeni akifika Moshi huonyeshwa mlima, kisha kahawa. Mji haonyeshwi, kwa kuwa wenyeji hatuuhesabu kuwa kitu cha kale. Kale yetu iko juu. Old Moshi ndiko alikotawala Mangi Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Mji wa chini ulikuja na reli kutoka Tanga. Garimoshi lilifika 1911, na jina likashuka mlimani kulifuata. Machi 1916 Waingereza wakauchukua mji, wakaupanga kama walivyozoea: Wazungu peke yao, Wahindi na biashara zao peke yao, Waafrika peke yao. Mtaa wa Wazungu wenye miti mikubwa unaitwa Shantytown hadi leo, yaani mtaa wa mabanda, na ndio wenye mageti marefu kuliko yote mjini. Sijawahi kupata mtu wa kunieleza kichekesho hicho kilianzaje.

Safu yetu iko upande wa biashara, umbali wa kutembea kutoka Mnara wa Saa na kutoka stesheni. Viwanja ni vyembamba na virefu. Unaanza na kibaraza, unaingia dukani, nyuma ya duka vyumba vya kulala, halafu ua, halafu jiko na choo, na mwisho kabisa kichochoro kilichoachwa zama za choo cha ndoo ili wabebaji wapite usiku bila kuonekana. Kichochoro hicho kikumbuke, kitarudi.

Wateja wa maduka haya walikuwa wakulima wa kahawa. Chama cha wakulima wenyeji kilianza 1925, na 1933 kikazaliwa upya kama KNCU. Mkulima alipewa malipo ya kwanza akipeleka kahawa, kisha akasubiri malipo ya pili. Yakitoka, mlima mzima unashuka: bati, misumari, kanga, sukari, kitambaa cha sare ya shule. Wazee wa Kibosho watakwambia hata leo bati la nyumba ya baba yao lilinunuliwa duka gani na likapandishwa kichwani mwa nani. Kwa hiyo mtu akiniambia maduka haya ni historia ya Wahindi, humuuliza: upande upi wa kaunta?

Jengo la 1936

Sheria ya Utwaaji Majengo ya 1971 ndiyo iliyochanganya karata za mitaa hii nchi nzima. Jengo la thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe halitumii lote lilitwaliwa na serikali, na kama lilikuwa limepita miaka 10 hakukuwa na fidia. Yalisimamiwa na Msajili wa Majumba, na 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Katika safu yetu mawili yalitwaliwa. La 1936 lilisalimika, kwa kuwa mwenyewe aliuza mbele na kulala nyuma. Miaka mitatu baadaye aliliuza akaenda Canada na familia yake. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mbao kutoka Kibosho.

Mzee huyo hakuwahi kulala mjini hata usiku mmoja, kwa mujibu wa wanawe. Alipangisha. Duka moja akaligawa fremu nne, vyumba vya nyuma vikawa stoo, na kibarazani akaacha mafundi cherehani watatu wakae kwa kodi ndogo ambayo mara nyingi ililipwa kwa kushona suruali. Alifariki 2018 bila wosia ulioandikwa, akaacha mjane na watoto saba. Mahakama ikampitisha binti mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi.

Hapo ndipo dalali alipojitokeza, na kwa haki ya Mungu hakuja na mchezo mchafu. Mteja wake alikuwa tayari kununua la 1936 na la 1938 linalofuata, avunje yote mawili, ajenge ghorofa tano zenye lifti na maegesho chini. Kwa kiwanja kimoja ramani haikai. Kwa viwili inakaa. Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri. Jirani wa 1938 alikuwa ameshaitikia.

Nani analinda nini

Kabla ya kushika kikokotoo nilitaka kujua kama jengo lina ulinzi wowote wa kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalipatia jengo hadhi ya kumbukumbu moja kwa moja endapo lilijengwa kabla ya 1863. Mlango wa kuchonga umewekewa tarehe ya huruma zaidi: kabla ya 1940. Maana yake, kama duka la 1936 lingekuwa na mlango wa nakshi, mlango ungelindwa na ukuta unaoushikilia ungevunjwa. Halikuwa nao. Lilikuwa na milango ya kukunja ya mbao, minane, yenye komeo la chuma refu kama mkono.

Angalia tarehe hiyo vizuri. Miji ya pwani ilikuwa na mawe na chokaa karne nyingi kabla ya 1863, kwa hiyo sheria inaikuta. Huku kaskazini reli imefika Moshi 1911 na Arusha 1929. Hata Boma la Wajerumani la Arusha ni la 1900. Miji hii miwili, yote, imezaliwa baada ya mlango kufungwa.

Njia ya pili ipo. Waziri anaweza kulitangaza jengo katika Gazeti la Serikali bila kujali umri wake, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inairuhusu mamlaka ya upangaji kuhifadhi jengo, au kundi la majengo, lenye thamani ya usanifu au ya historia. Neno la kushika hapo ni kundi. Ndilo neno pekee katika sheria zote nilizozisoma linaloiona safu kama mpita njia anavyoiona. Ila halijitekelezi. Lazima mtu aombe, aeleze, apime, achore, akusanye wenye mali. Katika safu yetu hakuna aliyewahi kuomba, mimi nikiwemo, niliyekula sambusa chini ya kibaraza kile miaka 15.

Wanaopenda hifadhi hudhani tangazo likitoka kazi imekwisha. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985 na umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba la kale la Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu, ikiwa katika matengenezo. Upande mwingine, Boma la Arusha limesimama kwa kuwa halikuwahi kukosa kazi: kwanza askari, baadaye ofisi za serikali, na tangu 1987 Makumbusho ya Historia Asilia. Paa lenye mtu chini yake huzibwa likivuja. Nyumba ndogo ya Barabara ya Makongoro ilimopitishwa Azimio la Arusha, Januari 1967, nayo ilipewa kazi ya makumbusho. Lakini huwezi kugeuza kila duka kuwa makumbusho. Moshi yenye watu 184,292 kwa sensa ya 2012, bila kuhesabu wanaoshuka mlimani kila asubuhi, inahitaji maduka yawe maduka.

Ufunguo wa gari

Siku ya kwanza ya ukaguzi nilikuwa na tepu, tochi na ufunguo wa gari. Ufunguo ndio uliofanya kazi kubwa. Nilikwangua ukuta wa fremu ya pili, urefu wa kifua: rangi ya mafuta ya kijani, chini yake bluu, chini yake chokaa iliyogeuka njano kama siagi, kisha plasta laini iliyochanganywa na mchanga mwembamba, kisha jiwe jeusi la mlima. Unene wa ukuta, sentimita 45. Mkavu kabisa.

Nikashuka chini, usawa wa goti. Hapo ufunguo haukuingia. Mpangaji mmoja, miaka ya tisini, alichoshwa na plasta inayopukutika akapiga sementi mita moja kutoka sakafuni, fremu zote nne. Kazi nzuri, imenyooka. Juu ya mstari wa sementi ndipo ukuta ulipokuwa ukitoka jasho. Maji ya ardhini hupanda ndani ya jiwe na zamani yalitokea taratibu kupitia chokaa, jua likayakausha. Alipoyazibia njia ya chini yakapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, yakakutana na ncha za boriti za dari. Boriti mbili kati ya tisa nilizibonyeza kwa kidole zikabonyea. Ukuta wenyewe ulikuwa mzima. Kilichokuwa kinaliua jengo ni matengenezo.

Nje kibarazani fundi cherehani mkubwa, Mpare wa Usangi, alinifuata kwa macho muda wote bila kusimamisha mashine. Nilipopima sakafu aliinua mguu nipite. Chini ya cherehani yake kulikuwa na vishimo vinne kwenye saruji, kina cha kifundo cha kidole, kila mguu wa mashine na kishimo chake.

"Vimechimbwa na nani, mzee?"

"Na kanyagio," akasema. "Tangu 1981. Nikiihamisha inacheza."

Hesabu zenyewe

Familia ilitaka safu tatu za tarakimu: kuuza, kuvunja na kujenga wenyewe kwa mkopo, au kukarabati. Nilipojaribu kuongeza ghorofa juu ya ukuta uleule nikalitupa wazo mara moja. Ukuta wa mawe usio na nguzo wala mkanda wa zege hauvalishwi ghorofa, hata uwe mnene namna gani.

Kuvunja na kujenga kulionekana kutamu mpaka nilipopanda ngazi za wenzao. Nilizunguka majengo mapya kumi na moja ya katikati ya mji, siku ya kazi, saa nne asubuhi, nikihesabu milango. Chini, fremu zimejaa na kilemba kinadaiwa. Ghorofa ya kwanza: saluni, wakala wa usafiri, ofisi ya wakili. Ya pili, nusu. Ya tatu kwenda juu, makufuli. Huo si utafiti, ni mguu wa mtu mmoja siku moja, lakini kwa benki riba huhesabiwa kwa ghorofa zote, zenye makufuli na zisizo nayo. Fremu ya mbele ya barabara ndiyo inayolisha jengo, na mbele ya barabara hapaongezeki ukipanda juu. Tena hapa palitaka maegesho, na maegesho yangemeza nusu ya fremu za chini. Mtu anajenga ghorofa tano ili apoteze duka la chini!

Niliwauliza pia kama gharama ya kulishikilia jengo kuukuu inawasukuma. Haikuwasukuma. Kodi ya majengo kwetu ni ya kiwango, na hata sasa inapokatwa kwenye umeme wa LUKU haiulizi kiwanja kina thamani gani. Kinachosukuma ni watoto saba. Jengo moja lenye kodi ndogo, likigawanywa kwa saba, linampa kila mmoja fedha ya kununulia Krismasi. Pesa ya dalali ikigawanywa kwa saba inajenga nyumba.

Wazo la nne lilitoka kwenye kichochoro. Ua wa nyuma ulikuwa umelala bure, mita 14 kwenda nyuma, ukiwa na stoo za mabati na mwembe. Kichochoro cha ndoo kilitosha kigari cha mchanga na tofali. Ukiacha sehemu ya mbele, duka na kibaraza, ukajenga ghorofa tatu uani zenye msingi wake peke yake, nafasi ya vidole vinne kutoka ukuta wa zamani ili jipya likizama kidogo lisilivute la kale, unapata vyumba vya kupanga vyenye mlango kupitia pembeni. Mkopo unapungua zaidi ya nusu. Fremu zote nne zinabaki zikilipa wakati ujenzi unaendelea. Hilo la mwisho ndilo lililomgusa dada mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akilipia dawa za mama.

Kikao cha Desemba

Ukoo wa Kibosho haukutani mpaka Desemba. Kikao kilifanyika 2019, mwezi uleule treni ya abiria iliporudi Moshi baada ya zaidi ya miaka 20, na nusu ya mazungumzo kabla ya ajenda yalikuwa nani kapanda na nani kashindwa kupata tiketi. Ndizi zikaliwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, nikapewa kiti karibu na mlango kama mgeni wa shughuli.

Kaka wa Dar es Salaam alianza, na alianza vizuri. "Dada, tuheshimiane. Kihamba hakiuzwi, hilo hata mtoto anajua. Baba amelala hapo nyuma ya migomba. Lakini lile ni duka. Baba hakuzikwa dukani."

Hakuna aliyekuwa na jibu. Ndiyo hoja nzito kuliko zote nilizosikia katika jambo hili, na wapenda hifadhi wa mijini huwa hawaikuti kwa sababu hawakai Kibosho. Kwa Mchaga ardhi yenye kumbukumbu ni kihamba, shamba la ukoo kule mlimani, na mjini ni mahali pa kutafutia. Kumwambia aache fedha kwa ajili ya historia ya mjini ni kumwomba aheshimu kaburi lisilo na mtu.

Mjukuu mmoja akaongeza, "Na hiyo historia ni ya Wahindi, Bibi."

Mama mzee hakuwa amesema neno tangu asubuhi. "Nilisimama pale kibarazani na mama yangu," akasema, "na mzigo wa bati chini, tukisubiri mvua ikatike. Yule Mhindi hakutufukuza. Hakutukaribisha pia. Tulisimama mpaka saa kumi." Akanyamaza kidogo. "Baba yenu aliponunua, fundi alimshauri azibe mbele apate fremu mbili zaidi. Nikamwambia akiziba, asinitume tena mjini."

Sitaki kupamba. Maneno ya mama hayakumaliza ubishi. Yalimaliza uwezekano wa kuuza mama akiwa hai, na hiyo ni tofauti. Hesabu ya ua ndiyo iliyopitishwa, watano kwa wawili. Kitinda mimba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliunga mkono kwa masharti kwamba sementi inunuliwe kwake.

Saini mbili

Nilirudi mjini nikiwa na wazo la barua. Kama wenye majengo yote matano wangeomba kwa pamoja safu itambuliwe kama kundi, kibaraza kingepata mdomo wa kisheria. Niliandika, nikachora mchoro wa mbele kwa mkono, nikahesabu nguzo zote 22 na kuzipa namba. Nikaanza kuzunguka.

Nilichelewa. Nilipata saini ya dada mkubwa na ya mwenye la 1934, mjane anayeuza vyombo. Kwa majengo ya umma njia ni ndefu kwa sababu anayekaa humo si mwenye kuamua, na hilo si kosa la mtu. Jirani wa 1938 alinipokea kwa chai, akaisoma barua yote, akairudisha. "Mdogo wangu, ungekuja mwaka jana." Alikuwa ameshapokea malipo ya kwanza.

Hapa ndipo ninapojilaumu. Miezi mitano nilikuwa nimeishughulikia safu ya watu watano kama jengo la mtu mmoja, kwa sababu aliyenilipa alikuwa mmoja. Mkadiriaji hupewa kiwanja, dalali hutafuta kiwanja, kibali hutoka kwa kiwanja. Kibaraza hakina kiwanja. Kwa hiyo kila aliyehusika alifanya kazi yake sawasawa na kibaraza kikavunjika bila mtu kuvunja sheria yoyote. Mnunuzi alikuwa na hati, ramani iliyopitishwa na kibali halali. Sina neno la kumshtaki nalo.

Kilichojengwa

La 1938 lilivunjwa Julai 2021 kwa siku nne. Kwa kuwa hakupata la 1936, mnunuzi alibaki na kiwanja chembamba. Lifti ikatoka kwenye ramani, maegesho yakatoka, ghorofa tano zikawa tatu. Mbele ni kioo cha bluu, na sakafu imeinuliwa ngazi nne kutoka barabarani, zenye vigae vinavyoteleza vikilowa. Kibaraza hakuna. Kwa mujibu wa mlinzi, ghorofa ya juu ina mpangaji mmoja. Simcheki, amefunga fedha nyingi pale, na jengo lake la awali, lile la viwanja viwili, lingekuwa zuri kuliko hili. Kukataa kwetu kuliokoa hatua 14 na kumwachia jengo baya, na mji umelipata hilo baya vilevile.

La 1936 lilikwenda kwa mwendo wake. Ghorofa za uani ziliisha mwishoni mwa 2022 na vyumba vina watu, wengi wao wanafunzi na wauguzi. Mwembe ulikatwa, hilo sikulipigania na nadhani ningepaswa. Mbele tulibandua sementi ya miaka ya tisini, tukaacha ukuta wazi msimu mzima wa kiangazi ukauke, ukapigwa chokaa. Fundi mwashi kijana niliyempata hakuwahi kuilowesha chokaa maishani mwake. Tulijaza pipa nyuma ya nyumba tukaiacha wiki tatu, akawa anakuja kuichungulia kama mbege. Boriti mbili zilibadilishwa. Mpangaji wa fremu ya nne aliona chokaa inamchafua nguo, akaita fundi wake Jumapili moja akarudisha sementi kwenye ukuta wake. Robo ya jengo sasa inaanza kutoka jasho upya. Nimeandika barua mbili.

Kaka wa Dar es Salaam bado anahesabu. Kila Desemba hutaja bei ya dalali, akiongeza kila mwaka kidogo, na ninavyoona ana haki nusu. Kodi ya vyumba ikigawanywa kwa saba haijafikia fedha aliyokuwa ameshaipangia kazi. Hifadhi hii imelipwa na mtu, na huyo mtu ni yeye, wala mji haujamwambia ahsante.

Masika ya mwaka uliofuata yalileta shauri jipya. Paa la jirani linamwaga maji kwenye ncha ya kibaraza chetu, nguzo namba 9, kwa bomba moja linaloishia hewani. Tumelipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, limelala hapo. Fundi wa Usangi alihamisha cherehani mara mbili kukwepa rasharasha, ikacheza, akairudisha kwenye vishimo vyake vinne na kutega ndoo.

Kwenye pengo watu hukimbia. Wanafika mwisho wa kivuli, wanafunika kichwa kwa mfuko au gazeti, wanakata zile hatua 14 kwa saba. Aprili moja mafundi watatu walichoka kuwatazama wateja wao wakichafuka, wakanunua turubai la bluu, wakalifunga kwa kamba kutoka nguzo yetu ya 9 hadi nguzo ya kwanza ya jengo linalofuata, mbele ya kioo. Mlinzi alitoka kuwakataza. Akasimama chini yake, mvua ilikuwa kubwa, akaendelea kuwakataza akiwa amesimama hapohapo. Siku hizi wameelewana: linafungwa mawingu yakishuka, na mvua ikikatika wanalishusha wenyewe kabla mwenye jengo hajapita.